Kaka ana TB, VVU na homa ya ini B: kipi kitibiwe kwanza?

Swali: Shikamoo daktari. Kaka yangu ana miaka 34. Amekohoa miezi miwili, amekonda, na usiku anatoka jasho mpaka anabadilisha shuka. Makohozi ya kwanza yalisomwa kwa darubini wakasema hakuna kitu. Baada ya wiki mbili kipimo kingine kikaonyesha TB, na damu ikaonyesha ana VVU na homa ya ini B. Leo ni siku ya kumi anameza dawa za TB. ARV bado hajapewa, ameambiwa arudi Alhamisi. Nyumbani wapo wanaosema kabambikiwa magonjwa, na wengine wanataka aache dawa za TB ini lipone kwanza, kwa sababu mkojo umeshageuka rangi ya chungwa. Mtu anapataje magonjwa matatu kwa mpigo? Kipi kitibiwe kwanza? Na sisi tunaokaa naye, akiwemo mtoto wangu wa miaka mitatu, tufanyeje?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na lisiloweza kungoja Alhamisi: kaka asiache dawa za TB. Huo mkojo wa rangi ya chungwa ni rifampisini, mojawapo ya dawa nne zilizomo kwenye vidonge anavyomeza, ikitoka mwilini na rangi yake. Jasho na machozi navyo huweza kuchukua rangi hiyo. Hukolea saa chache baada ya kumeza, kisha hupauka kuelekea dozi ya kesho yake. Ini likileta shida mkojo huwa wa namna nyingine, wa kahawia iliyoiva kama chai iliyosahaulika na majani yake, na haupauki kadiri siku inavyokwenda.

Lakini rangi ya mkojo peke yake hudanganya, ndiyo maana ndugu wa wagonjwa huwa nawafundisha kuangalia macho. Mkalisheni karibu na mlango au dirisha mchana, kwenye mwanga wa jua, si chini ya taa. Atazame chini, mmoja wenu amwinue kope la juu taratibu kwa kidole gumba, muangalie ule weupe unaojificha juu ya mboni. Rifampisini kwa dozi ya kawaida haiupaki rangi. Mkiona umanjano pale, hata wa kubishaniwa, asimeze dozi inayofuata kabla hajaonwa, na aende kliniki siku hiyo hiyo. Vilevile akianza kutapika mfululizo, akichukia chakula ghafla, au akiumwa chini ya mbavu za upande wa kulia. Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo, endeleeni na dawa.

Sasa hilo la kubambikiwa. Sishangai mnavyolisema, maana makohozi yaliyoitwa safi leo na kuitwa ya TB baada ya wiki mbili yanatia shaka kwa yeyote. Ili mtu aone vimelea vya TB kwa darubini, kwa kawaida inatakiwa makohozi yawe na vimelea kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja. Kipimo cha GeneXpert, ambacho nadhani ndicho alichopimwa mara ya pili, na ambacho Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikiidhinisha mwaka 2010, hutafuta vinasaba vya kimelea chenyewe na huweza kukinasa hata vikiwa kama 130 tu katika mililita. Tofauti hiyo inamgusa sana mtu mwenye VVU. Yale mashimo ya kwenye mapafu mnayoyasikia si kazi ya bakteria peke yake, ni mabaki ya vita ambavyo kinga ya mwili inapigana nao. Ndani ya mashimo hayo vimelea hujaa na kumiminika kwenye makohozi. Kinga ikiwa imechoshwa na VVU, vita huwa hafifu, mashimo huwa machache, makohozi hutoka na vimelea haba, na picha ya mapafu huweza kuonekana karibu ya kawaida huku mgonjwa anazidi kuisha. Ndiyo maana kwa wenye VVU walio hoi kuna hata kipimo cha mkojo cha TB. Kwa hiyo darubini haikusema uongo, ila uwezo wake uliishia pale.

Na magonjwa matatu kwa mpigo? Hayakuja kwa mpigo. Yamegunduliwa kwa mpigo kwa sababu siku hizi anayekutwa na TB anatakiwa apimwe na mengine, jambo ambalo zamani tulilipuuza, na wapo tuliowazika bila kujua walikuwa na nini kingine.

Nikikisia mpangilio wa kuwasili, homa ya ini B huenda ndiyo mwenyeji wa muda mrefu zaidi. Mtu mzima mwenye kinga nzuri akiambukizwa virusi hivyo, mara nyingi mwili huvifukuza wenyewe. Wanaobaki navyo maishani ni chini ya 5 katika kila 100. Mtoto mchanga akiambukizwa, wanaobaki navyo ni karibu 95 katika 100. Kwa hiyo mtu wa miaka 34 mwenye homa ya ini B sugu inawezekana kabisa alizaliwa nayo au aliipata akiwa anatambaa. Isitoshe, VVU hupunguza uwezo wa mwili kufukuza virusi hivyo hata ukubwani. Msifanye upelelezi wa tabia zake kupitia majibu ya maabara. Duniani watu wapatao milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B mwaka 2022, na wengi wao hawajui.

TB nayo hukadiriwa kuwa imewahi kuwaingia karibu robo ya watu wote duniani. Wengi hawaugui kamwe: chembe za kinga huvizingira vimelea na kuvifungia ndani ya vifundo vidogo, vikakaa humo miaka. Kati ya watu 100 wa namna hiyo wenye kinga nzima, 5 hadi 10 ndio watakaougua maishani mwao. VVU vinaposhambulia chembe za CD4, vinawaua walinzi wa vifundo hivyo. Asiyetibiwa VVU hatari yake ya kuugua TB hufikia karibu 10 katika 100 kwa mwaka mmoja tu. TB nayo hulipa: uvimbe na homa yake huamsha chembe za kinga, na chembe zilizoamka ndizo VVU huzitumia kuzaliana. Kila mmoja anamlisha mwenzake. Mwaka 2023 WHO ilikadiria watu milioni 10.8 waliugua TB, na takriban 6 katika kila 100 walikuwa na VVU. Lakini kati ya vifo milioni 1.25 vya mwaka huo, 161,000 vilikuwa vya wenye VVU, yaani karibu 13 katika kila 100. Linganisha 6 na 13, utaelewa kwa nini kliniki haikumwachia kaka aondoke bila kupimwa damu.

Kipi kitibiwe kwanza, basi? TB, kwa sababu ndiyo iliyomlaza leo na ndiyo inayoweza kuwaambukiza nyinyi kupitia hewa. Ila hiyo "kwanza" ni ya siku chache tu. Zamani wapo waliokuwa wakisubiri TB iishe, miezi sita, ndipo waanze ARV. Utafiti uliofanyika Afrika Kusini na kutolewa mwaka 2010 ukaonyesha kwamba walioanza ARV wakiwa bado kwenye dawa za TB walikufa wachache kwa asilimia 56 kuliko waliosubiri. Mwaka uliofuata, matokeo kutoka Kambodia yakaonyesha kwamba kwa wenye kinga ya chini sana, kuanza wiki ya pili badala ya wiki ya nane kulipunguza vifo kwa karibu theluthi. Tangu 2021 mwongozo wa WHO unasema ARV zianze ndani ya wiki mbili za dawa za TB, bila kujali CD4 ni ngapi. Ubaguzi mkubwa ni TB iliyoingia kwenye utando wa ubongo: hapo husubiriwa wiki nne hadi nane, kwa sababu uvimbe ukipanda ndani ya fuvu hauna pa kwenda. Kama kaka haumwi kichwa kisichopoa, shingo haikakamai na haongei ovyo, siku ya kumi na Alhamisi ijayo viko ndani ya ratiba. Hajacheleweshwa.

Kwa nini zisitolewe siku moja? Sababu moja ni ya kawaida kabisa: mtu akianza dawa nne za TB, kotrimoksazoli ya kumkinga na maambukizi mengine, vitamini B6 ya kulinda mishipa ya fahamu na ARV kwa pamoja, kisha Jumatano akaamka na vipele mwili mzima, hakuna atakayejua ni ipi imemkataa. Siku chache za mwanzo hutuonyesha kama dawa za TB zinamkubali.

Sababu ya pili ndiyo ninayotaka muielewe kabla haijawakuta. ARV zikianza, kinga huamka, na ikiamka hukuta mwili umejaa mabaki ya TB. Inayashambulia yote kwa hasira. Nilimwona kijana mmoja aliyekuwa akiendelea vizuri, kikohozi kimepungua, amerudisha kilo mbili. Wiki ya tatu ya ARV tezi ya shingoni iliyokuwa kama ncha ya kidole ikawa kama ngumi ya mtoto, homa ikarudi kila jioni. Ndugu zake wakahitimisha kwamba ARV ni sumu, wakaficha dawa zote, za TB na za virusi. Aliporudi kwetu baada ya wiki tano alikuwa kwenye machela. Tezi ile ilikuwa dalili ya kinga kurudi kazini, siyo ya dawa kushindwa, na mara nyingi hutulizwa huku dawa zote zikiendelea. Kwa walio na CD4 za chini sana daktari huweza hata kutanguliza prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, kwa wiki chache kupunguza uwezekano huo. Kwa hiyo kati ya wiki ya kwanza na miezi mitatu ya ARV, homa ikirudi au tezi zikivimba, mpelekeni. Msimtibu kwa kumnyang'anya dawa.

Sasa nije kwenye ini, ambako naona ndiko hofu yenu ilipo, na ambako nina habari njema. Ndugu wanafikiri magonjwa matatu ni mafungu matatu ya dawa yatakayolibomoa ini. Lakini kidonge cha ARV ambacho wengi huanzishiwa kina dawa tatu ndani yake: tenofoviri, lamivudini na dolutegraviri. Mbili za kwanza zinapiga pia virusi vya homa ya ini B. Virusi hivi viwili si vya familia moja, ila vyote hutegemea kimeng'enya cha aina moja, kinachonakili vinasaba vyao kutoka umbo la RNA kwenda umbo la DNA, na dawa hizo huziba kazi yake. Kwa hiyo Alhamisi, kaka akipewa kidonge hicho, ameanza matibabu mawili kwa mpigo. Hakuna dawa ya tatu ya kuongeza, wala hakuna haja ya ini "kupona kwanza".

Habari hiyo njema ina makali upande wa pili. Siku kaka akiacha ARV, hata miaka mitano kutoka sasa, anaacha na dawa ya ini, na virusi vya homa ya ini B vinaweza kurudi kwa kishindo, wakati mwingine kishindo cha kuua. Na siku daktari mwingine akitaka kumbadilishia ARV, kaka aseme kwa mdomo wake: "Nina homa ya ini B, naomba mpangilio mpya uendelee kuitibu." Lamivudini ikiachwa peke yake dhidi ya homa ya ini B, virusi huizoea. Nimeona faili ambamo jibu la homa ya ini limeandikwa ukurasa wa kwanza na halikusomwa tena.

Kitu kingine kitakachowashangaza: kaka huenda akapewa dolutegraviri mara mbili kwa siku, asubuhi ile iliyo ndani ya kidonge cha dawa tatu, na jioni ya peke yake, miligramu 50, saa 12 baadaye. Mtu mwingine mnayemjua anameza mara moja tu. Sababu ni rifampisini tena. Inaliamsha ini livunje dawa nyingine kwa kasi, na dolutegraviri ni mojawapo, hivyo dozi moja haifiki kesho. Ya jioni itaendelea mpaka wiki mbili baada ya dawa za TB kumalizika, kwa kuwa ini halitulii siku rifampisini inapokoma. (Wanawake wanaosoma hapa na wanatumia vidonge au vijiti vya uzazi wa mpango pamoja na rifampisini: navyo hupunguzwa nguvu. Mwambieni mhudumu.)

Sitawaficha kwamba ini la kaka liko kwenye hatari zaidi ya ini lisilo na virusi. Pirazinamidi, isoniazidi na rifampisini, tatu kati ya dawa zake nne za TB, zote zinaweza kuliumiza, na mwenye homa ya ini B huumia kwa urahisi zaidi. Ndiyo maana apimwe vimeng'enya vya ini, hasa kile cha ALT ambacho huongezeka kwenye damu ini likiumia, mwanzoni kabisa ili tujue alianzia wapi, kisha mara kwa mara, hasa miezi miwili ya kwanza ambayo ina pirazinamidi. ALT kupanda kidogo si sababu ya kusimamisha chochote. Kwa kawaida dawa za TB husimamishwa ikizidi mara tatu ya kiwango cha juu cha kawaida na mgonjwa ana dalili, au mara tano hata kama anajisikia mzima. Ini likitulia, dawa hurudishwa moja moja, na ile yenye lawama huachwa.

Hapa pana mtego ambao hata sisi hutukwaza. Ini la kaka likivimba mwezi wa pili, inaweza kuwa dawa za TB. Inaweza pia kuwa kinga iliyoamka, sasa inashambulia chembe za ini zenye virusi. Inaweza kuwa ARV zilirukwa na virusi vya B vimepata upenyo. Tiba ya kila moja ni tofauti, na ya kwanza na ya tatu zinakwenda kinyume kabisa: moja inataka dawa fulani isimame, nyingine inataka dawa isirukwe. Kwa hiyo dozi za TB anaweza kuzishikilia kwa saa chache akiwa njiani kwenda kliniki, lakini ARV asiziguse mpaka aelekezwe. Na pombe, hapana, hata kidogo, mpaka atakapomaliza. Dawa za mitishamba za "kusafisha ini" nazo ziwekwe kando, maana baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe.

Virusi vingine nivipitie haraka. Homa ya ini C, ikipatikana, mara nyingi husubiri, kwani vidonge vyake, ambavyo huponya zaidi ya watu 95 katika 100, hudhoofishwa sana na rifampisini. TB ikiisha, ya C inatibiwa. Mafua makali na korona humwongezea mwenye TB mzigo wa kupumua, na baadhi ya dawa za korona hazipatani na rifampisini, hivyo akiugua aseme anachomeza. Chanjo za magonjwa hayo mawili ni salama kwake.

Surua naitaja kwa sababu ya mwanao. Mwaka 1908 Clemens von Pirquet, daktari wa watoto wa Austria, aligundua kwamba mtoto ambaye ngozi yake ilikuwa ikivimba akipimwa TB huacha kuvimba akiugua surua, kisha baada ya muda huvimba tena. Virusi vilikuwa vimeifumba macho kinga yake. Mpaka leo, kama mtoto ametoka kuugua surua, au amechomwa chanjo yake wiki chache zilizopita, kipimo cha TB cha ngozi kinaweza kusema hapana wakati jibu ni ndiyo. Watajie tarehe.

Mtoto huyo wa miaka mitatu ndiye ningemtanguliza kuliko watu wazima wote wa nyumba hiyo, maana walio chini ya miaka mitano TB huwapanda haraka, hata kwenye ubongo. Apelekwe wiki hii hii, hata kama anacheza vizuri. Akikutwa hana ugonjwa, apewe dawa za kinga, za miezi mitatu au sita kutegemea aina watakayochagua, na wataangalia pia kama kimelea cha kaka kinasikia rifampisini, jambo ambalo ile GeneXpert imekwisha kujibu. Watu wazima nao wachunguzwe. Madirisha yawe wazi. Dawa zikifanya kazi, uwezo wa kaka kuambukiza TB huanza kushuka ndani ya siku chache.

Homa ya ini B na VVU haviambukizwi kwa sahani, kukumbatiana wala kikohozi, kwa hiyo msimtengee vyombo. Wembe na mswaki viwe vyake peke yake. Nyote mpime homa ya ini B, na asiyekuwa nayo achanjwe. Mwenzi wake apimwe vyote viwili, kwa faragha, na kaka ndiye achague namna ya kumwambia. Hilo halihitaji kikao cha ukoo.

Alhamisi msiende mikono mitupu. Chukueni mfuko mmoja, mtie kila anachomeza: vidonge vya TB, kotrimoksazoli, dawa ya kikohozi, ya maumivu, ya vidonda vya tumbo kama anayo, na ile chupa ya mitishamba ambayo mama anaificha.